Bei ya Kilo na Bei ya Siku: Kuchagua Chakula Kikavu cha Mbwa

Ukiingia kwenye agroveti yoyote mjini Nakuru utakuta magunia ya chakula cha mbwa yamepangwa karibu na dawa ya kupe na chakula cha kuku wa mayai, kila gunia na kikadi chake cha bei ya kilo. Mteja hupitisha macho, hukomea kwenye tarakimu ndogo kuliko zote, hupimiwa kilo tano na kuondoka. Akiuliza tofauti ya gunia hili na lile, muuzaji humjibu "hii ni ya nje" au "hii inanenepesha sana." Jibu la kwanza linaeleza nauli ya meli. La pili linaahidi jambo ambalo mbwa mwenye afya hahitaji.

Kikadi hicho ndicho kinachotuvuruga. Magunia mawili ya uzito mmoja yanaweza kutofautiana kwa karibu robo nzima katika nguvu yanazompa mbwa, na zaidi ya hapo katika protini. Anayenunua kilo ya bei ya chini hulazimika kujaza bakuli zaidi, naye hujikuta amerudi dukani kabla ya mwezi kwisha huku akishangaa mbwa amekuwa mlafi. Bei inayofaa kulinganishwa ni ile ya kumlisha mbwa wako kwa siku moja. Hiyo haiandikwi popote, lakini hesabu yake ni ya darasa la sita na tutaifanya hapa.

Vitu vitatu, jina moja

Kwanza tutenganishe. Kuna unga wa mbwa, ule wa kahawia unaopikwa kama uji mzito. Hutoka kwenye viwanda vya chakula cha mifugo, na ndani yake huwa mahindi au jamu ya mahindi (kiini kinachobaki mahindi yakikobolewa), polad (pumba laini) na pumba za ngano, mashudu ya alizeti au soya, unga wa mifupa na mara nyingine omena ya kusaga. Nakuru iko jirani na ngano ya Njoro, na mahindi ya Trans Nzoia hayako mbali, kwa hiyo unga huu huwa wa bei nafuu kuliko vyote. Ila wanga mbichi wa mahindi humpita mbwa bila kumeng'enywa vizuri, kwa hiyo lazima unga uive kabisa. Makaa au gesi ya kuupika kila siku ni sehemu ya bei yake, na sijaona mtu akiijumlisha.

Cha pili ni punje halisi. Mashine hukanda unga kwa mvuke na shinikizo, huusukuma kwenye matundu, nao ukitokea upande wa pili huvimba na kukatwa vipande. Joto hilo huuivisha wanga. Baadaye punje hukaushwa na kunyunyiziwa mafuta kwa juu, ndiyo maana hunukia na kuacha ute wa mafuta vidoleni.

Cha tatu hufanana na cha pili kwa mbali: unga uliobanwa ukawa vijiti, kama chakula cha sungura, bila kuiva vya kutosha. Tia vichache kwenye kikombe cha maji. Punje iliyopikwa kwa mashine hulowa na kuvimba huku ikishika umbo lake kwa muda, lakini kijiti cha kubanwa husambaratika upesi kikawa tope. Si kipimo cha maabara, ila kinatosha kukuzuia kulipa bei ya punje kwa unga.

Kamili kwa nani?

Kabla ya kutazama bei, geuza gunia utafute maandishi madogo yanayosema kama chakula hicho ni kamili. Kwenye mifuko ya Ulaya neno lenyewe ni "complete". Ukikuta "complementary", hicho ni cha kuongezea tu, hakikutengenezwa ili mbwa akitegemee peke yake. Mifuko inayofuata utaratibu wa Marekani hutaja AAFCO, chama cha maofisa wanaodhibiti chakula cha mifugo huko, kisha husema chakula kinamtosheleza mbwa wa hatua gani: mzima, anayekua, au wa umri wowote. AAFCO yenyewe haipimi wala kuidhinisha gunia lolote. Imeweka jedwali la viwango, na mtengenezaji ndiye anayedai amevifikia. Mifuko ya Afrika Kusini huwa na namba inayoanzia na herufi V pamoja na kutajwa kwa sheria namba 36 ya 1947, inayowataka watengenezaji wa huko wasajili chakula cha mifugo. Kwa kilichotengenezwa hapa Kenya tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kwa kilichoingizwa nchini, stika ya KEBS ya bidhaa za nje.

Viwango vya AAFCO vinavyofaa kukumbukwa ni vinne. Mbwa mzima: protini isipungue asilimia 18, mafuta yasipungue 5.5. Mtoto wa mbwa, au jike mwenye mimba au anayenyonyesha: protini 22.5, mafuta 8.5. Hizi ni asilimia za kitu kikavu, yaani maji yameshatolewa. Gunia linalosema protini 16 na unyevu 12 lina sehemu kavu 88, na 16 gawanya kwa 88 ni kama asilimia 18.2. Limepita mlango wa mbwa mzima kwa kubana bega. Kwa mtoto wa mbwa limeshindwa, hata kama picha ya juu ni ya kitoto chenye masikio ya kupendeza.

Hesabu ya siku

Sasa twende kwenye pesa. Mahitaji ya mbwa hayapandi sawasawa na uzito wake, na kanuni wanayotumia madaktari wa mifugo ina kipeo cha 0.75 ambacho huwatisha watu. Kikokotoo cha simu kinatosha. Zidisha uzito wa mbwa kwa wenyewe mara tatu, tafuta kipeuo cha pili (alama ya √), kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu hilo. Mbwa wa kilo 20: 20 mara 20 mara 20 ni 8,000, kipeuo cha pili ni 89.4; kipeuo cha pili tena ni 9.46. Zidisha kwa 70 upate kilokalori 662, nguvu za kuishi tu akiwa amelala. Kwa maisha ya kawaida ya mbwa mzima zidisha kwa 1.6 kama amehasiwa, au 1.8 kama hajahasiwa. Utakuwa kati ya 1,060 na 1,190. Tuchukue 1,100 kwa mbwa wa kienyeji anayezunguka uani mchana na kubweka usiku.

(Kwa kanuni hiyohiyo mbwa wa kilo 10 anahitaji kama 630 na jamani shepadi wa kilo 35 kama 1,610. Uzito umezidi mara tatu na nusu, chakula mara mbili na nusu. Wenye mbwa wakubwa wanaolia kuhusu gharama wana haki ya kulia, lakini kidogo.)

Kilokalori za chakula chenyewe mara nyingi hazijaandikwa, ila jedwali la gunia linatoa njia. Jumlisha protini, mafuta, nyuzinyuzi, jivu na unyevu, toa jumla hiyo kwenye 100, kinachobaki ni wanga. Kisha kila gramu ya protini ihesabu kilokalori 3.5, ya wanga 3.5, ya mafuta 8.5.

Tuseme gunia la kwanza ni la shilingi 150 kwa kilo, nalo linasema protini 16, mafuta 5, nyuzinyuzi 8, jivu 10, unyevu 12. Wanga ni 49. Nguvu zake kwa gramu 100 ni 56 za protini, 42.5 za mafuta na 171.5 za wanga, jumla 270. Gunia la pili ni la shilingi 220: protini 24, mafuta 12, nyuzinyuzi 3, jivu 7, unyevu 9. Wanga ni 45, na nguvu ni kama 344. Bei hizi nimezibuni ili hesabu isimame. Weka za dukani kwako.

Mbwa wetu anahitaji gramu 407 za gunia la kwanza kwa siku, sawa na shilingi 61. La pili anahitaji gramu 320, shilingi 70. Kwenye kikadi gunia la pili lilikuwa ghali kwa karibu nusu. Kwenye bakuli ni shilingi tisa kwa siku, kama 280 kwa mwezi. Tazama protini pia: gramu 407 za la kwanza zinampa gramu 65, na 320 za la pili zinampa 77. Ukigawanya pesa kwa protini, gunia "la bei ghali" limeuza kila gramu kwa senti chache pungufu.

Na hesabu hii inalipendelea gunia la kwanza. Zile namba za 3.5 na 8.5 huchukulia kwamba chakula kinameng'enywa vizuri kiasi, ilhali chenye pumba nyingi huishia uani. Anayezoa kinyesi kila asubuhi anajua tofauti kabla ya kufungua kikokotoo. Jivu la asilimia 10 nalo ni madini, hasa yanayotoka kwenye mifupa ya kusaga, na pakiwa na uzembe huwa na mchanga ndani yake. Halina kalori hata moja, na umelilipia kwa bei ya chakula.

Usije ukadhani basi kwamba kila kilicho ghali hujilipa. Chukua gunia la tatu, la shilingi 600, lenye protini 28, mafuta 16, nyuzinyuzi 3, jivu 7 na unyevu 8. Linatoa kama kilokalori 367 kwa gramu 100, mbwa anakula gramu 300, shilingi 180 kwa siku. Protini na mafuta ya ziada hayakukaribia kufuta tofauti ya bei. Kwa mbwa mzima asiye na ugonjwa sioni sababu ya kulinunua. Faida kubwa iko kwenye kupanda kutoka chini kabisa hadi katikati. Kutoka katikati kwenda juu unalipia zaidi karatasi ya kung'aa na mbwa mwitu aliyechorwa akitazama theluji.

Protini ya nani?

Jedwali lina udhaifu mmoja ambao lazima uujue. Protini inayoandikwa pale huitwa protini ghafi, na haipimwi kama protini. Maabara hupima naitrojeni kisha huizidisha kwa 6.25. Chochote chenye naitrojeni hujihesabia kuwa protini, na walaghai wanalijua hilo. Mwaka 2007 huko Marekani mbwa na paka walikufa kwa kuharibika figo, ikagundulika kwamba gluteni ya ngano iliyonunuliwa kutoka China ilitiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki iliyojaa naitrojeni. Kwenye karatasi za vipimo protini ilipanda vizuri sana. Mamilioni ya makopo na mifuko yaliondolewa madukani.

Hata bila ulaghai, manyoya na ngozi ngumu zina naitrojeni ambayo mbwa hafaidiki nayo sana. Kwa hiyo baada ya jedwali soma orodha ya vilivyomo. Huandikwa kwa kufuata uzito kabla ya kupikwa, na hapo pana mitego miwili. Nyama mbichi ya kuku ni maji kwa karibu asilimia 70, kwa hiyo inaweza kushika nafasi ya kwanza kwenye orodha kisha ikaporomoka baada ya kukaushwa. Unga wa kuku umeshakaushwa, na ukiwa wa pili au wa tatu unaweza kuwa umechangia protini zaidi. Mtego wa pili ni kuligawa zao moja: mahindi, jamu ya mahindi, gluteni ya mahindi, kila kimoja kwa uzito mdogo, ili nyama ionekane juu. Yajumlishe kichwani.

Jina kubwa la mbele nalo lina sheria zake. Ulaya, mfuko ulioandikwa kwamba una kuku unahitaji kuwa na asilimia 4 tu ya kuku. Marekani, neno "with" linadai asilimia 3, na neno "flavor" halidai hata hizo. Ladha ikisikika inatosha.

Kuna matangazo ya nje yanayowatisha watu kuhusu "mabaki ya nyama". Mjini ambako mutura huisha jikoni kabla jua halijatua, hofu hiyo haina wateja. Ini, bandama, figo, mapafu na matumbo ni lishe nzuri kwa mbwa. Ninachokitilia shaka mimi ni orodha isiyosema ni mnyama gani, "nyama na mazao ya wanyama" tu, kwa sababu inamruhusu mtengenezaji kubadilisha kilichomo kila bei ya sokoni inapobadilika, na tumbo la mbwa ndilo litakalokujulisha.

Vivyo hivyo na mifuko inayojisifu kwamba haina nafaka. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Erik Axelsson wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha wanga, ilhali mbwa mwitu ana mbili tu. Kuishi na wakulima kumembadilisha. Kisha Julai 2018 idara ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilianza kuchunguza ripoti za mbwa waliopanuka moyo, wengi wao wakiwa wamelishwa vyakula visivyo na nafaka vilivyojazwa njegere na dengu. Uchunguzi huo haukutoa hukumu ya chanzo. Kwangu inatosha kusema kwamba hakuna sababu ya kuongeza pesa ili kuondoa mahindi kwenye bakuli la mbwa wa Nakuru.

Ugali umo au haumo?

Tuseme ukweli: nyumba nyingi huchanganya. Punje kidogo juu, ugali wa jana chini, mchuzi ukiwepo. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa mifugo ni kwamba vya kuongezea visivyo kamili visizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku, na kwa mbwa anayekua huo ushikwe bila kujadiliana. Kwa mbwa mzima hebu tuone namba zinasema nini.

Unga wa mahindi una protini kama asilimia 9 ya kitu kikavu, mafuta kidogo, na kalsiamu karibu na sufuri. Ukichanganya nusu kwa nusu na gunia la kwanza, protini inashuka hadi kama 13.6. Mbwa ameshiba na ana njaa kwa wakati mmoja. Ukichanganya nusu kwa nusu na gunia la pili unapata 17.7, chini kidogo tu ya kiwango. Sasa fanya robo: gramu 240 za gunia la pili na gramu 80 za unga, ukiupima kabla ya kuusonga maana ugali ni maji zaidi ya nusu. Protini inakuwa kama 22, na mafuta yanabaki juu ya kiwango kwa nafasi ya kutosha. Pesa je? Punje shilingi 53, unga wa posho mili tuseme wa shilingi 70 kwa kilo, shilingi 6. Jumla 59.

Yaani gunia la pili likichanganywa na robo ya ugali limekuwa rahisi kuliko gunia la kwanza likiwa peke yake, gramu za protini zikikaribia kulingana, mafuta yakizidi, na bakuli likiwa dogo. Gunia hafifu ndilo lisilochanganyika, kwa kuwa limeshachanganywa kiwandani na halina cha kupunguza tena. Nikiwa na bajeti ya mkazo ningeishia kwenye robo hiyo, kwa mbwa mzima mwenye afya, nisipite hapo.

Shilingi mbili zinazobaki zinunue omena. Wakazi wa Kisumu wako karibu na chanzo, iwe ufukweni Dunga au soko la Kibuye, na samaki huyu huliwa na mifupa yake, kwa hiyo huleta kalsiamu ambayo ugali hauna. Lakini nunua ile ya kuliwa na watu. Ile ya chakula cha mifugo mara nyingi huanikwa chini na kubeba mchanga, nao mchanga huuzwa kwa kilo kama samaki. Ipepete, ioshe kwa maji mengi, ichemshe bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu, kiwe kibichi au kilichokaangwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na hiyo ndiyo sababu mchuzi wa mezani haufai kumwagiwa mbwa hata kama umebaki mwingi. Mifupa iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha. Sijui ni wangapi watanisikiliza katika hilo la mifupa.

Sumukuvu na gorogoro

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa sababu makosa mengine yote niliyotaja hugharimu pesa na hili hugharimu mbwa.

Mahindi yakivunwa mvua ikiwa haijaisha, yakaanikwa nusunusu na kutiwa ghalani yakiwa na unyevu, huota kuvu wanaotoa sumukuvu (aflatoksini). Kenya inaijua sumu hii kwa uchungu: mwaka 2004 watu 125 walikufa katika mlipuko uliotokea sehemu za mashariki mwa nchi. Machi 2021 serikali ilizuia kwa muda mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo. Mahindi ambayo binadamu ameyakataa kwa rangi au harufu hayatupwi yote. Mengine huuzwa kwa bei ya kutupa na kuishia kwenye chakula cha mifugo. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika upesi, maana hula kitu kilekile kila siku na ini lake ndilo linalobeba mzigo. Kupika hakusaidii sana, kwa kuwa sumu hustahimili joto la sufuria na sehemu yake hustahimili hata mashine ya kiwanda. Wala usidhani ni shida ya nchi maskini. Mwishoni mwa 2020 chakula kikavu cha kampuni moja ya Marekani kiliondolewa sokoni kwa sumukuvu, na kufikia Januari 2021 FDA ilikuwa imepokea ripoti za wanyama zaidi ya 110 waliokufa.

Dalili ni mbwa kukataa ghafla chakula alichokizoea, kutapika, uchovu, fizi na weupe wa macho kuwa manjano, mkojo wa rangi ya chai, damu puani au kwenye kinyesi. Mbwa akisusa gunia jipya usimfinye kwa njaa mpaka ale. Ondoa chakula, weka sampuli na mfuko wake, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Ndiyo maana sipendi chakula cha kupimiwa, ingawa naelewa kwa nini watu hukinunua. Gunia likishafunguliwa dukani na kukaa mdomo wazi, mafuta yaliyonyunyiziwa juu ya punje huanza kuchacha na vitamini hupungua. Kisumu, pembeni mwa ziwa, hewa yenyewe ni ya unyevu na joto, na punje hufyonza maji kama biskuti iliyosahaulika mezani. Zikishalainika, kuvu hawana haja ya kusubiri. Juu ya hayo umepoteza lebo, tarehe na namba ya toleo, kwa hiyo kukitokea tatizo huna la kumwonyesha mtu. Na ukipimiwa kwa gorogoro badala ya mizani unanunua ujazo: punje zilizovimba sana zina hewa nyingi na gramu chache.

Kama lazima upimiwe, omba kuona gunia lenyewe, piga picha ya tarehe na jedwali kwa simu, uliza limefunguliwa lini, zisage punje mbili kwa vidole unuse. Harufu ya rangi ya mafuta au ya karanga zilizokaa inamaanisha mafuta yamechacha. Chukua kiasi cha wiki moja. Njia bora zaidi ni kuungana na jirani mwenye mbwa, mkanunua gunia zima ambalo halijafunguliwa na kugawana kwa mizani siku hiyohiyo. Gunia la kilo 20 kwa mbwa mmoja anayekula gramu 320 ni la miezi miwili, nao muda huo ni mrefu. Kwa wawili linaisha katika mwezi mmoja. Nyumbani liache chakula ndani ya mfuko wake, mfuko uwe ndani ya ndoo yenye kifuniko, juu ya ubao badala ya sakafu ya simenti. Usimimine kipya juu ya masalio ya zamani, maana ute uliochacha chini ya ndoo utakiharibu na kipya.

Watoto wa mbwa wakubwa

Neno moja kwa wenye watoto wa shepadi, rotiwaila na wengine watakaozidi kilo 30. Desturi ya kuwaongezea DCP (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi), unga wa mifupa au chokaa ya kuku "ili mifupa ishike" imeharibu miguu mingi. Mtoto wa mbwa hana uwezo wa kuikataa kalsiamu iliyozidi. Huifyonza, na mifupa hukua kwa mwendo usiolingana. AAFCO imeweka kikomo cha juu cha kalsiamu cha asilimia 1.8 ya kitu kikavu kwa watoto wa mbwa wakubwa, na chakula kamili cha ukuaji tayari kina angalau 1.2. Kijiko kimoja cha kuongeza kinatosha kuvuka mstari. Kwa hawa tafuta mfuko unaotaja waziwazi watoto wa mbwa wakubwa, wape huo pekee, bila robo ya ugali, na ubane matumizi mahali pengine hadi wakomae.

Ukishachagua

Mbwa asibadilishiwe chakula kwa mkupuo. Changanya cha zamani na kipya kwa muda wa wiki moja, kipya kikiongezeka kidogo kidogo, la sivyo ataharisha nawe utakilaumu chakula kisicho na hatia. Pima kipimo chako cha nyumbani mara moja kwa mizani ya jikoni au ya duka ili ujue kikombe chako kina gramu ngapi za chakula hicho, kwa maana kikombe hichohicho cha chakula kingine kitakuwa na gramu tofauti.

Kanuni ya kilokalori ni mahali pa kuanzia tu, na maelekezo ya nyuma ya gunia huwa na mkono mrefu, kwa kuwa anayeyaandika ndiye anayeuza. Baada ya wiki tatu au nne pitisha viganja kwenye mbavu za mbwa. Zinapaswa kuhisika bila kubonyeza na zisihesabike kwa macho kutoka ng'ambo ya ua, na ukimtazama kutoka juu awe na kiuno. Mbavu zikipotea, punguza sehemu moja ya kumi. Zikitokeza, ongeza hiyohiyo, lakini kwanza mpe dawa ya minyoo, maana hakuna gunia la bei yoyote linaloweza kumlisha mbwa pamoja na wapangaji wake.